Nakimbia fasta lakini ufito unaanguka, shida nini?

SWALI: Habari kocha, mi naruka juu kwa staili ya mgongo, mguu wangu wa kuruka ni wa kushoto. Spidi ninayo ila nikifika nauangukia ufito, naugonga na mgongo au makalio, na nikipunguza mwendo ndo sipai kabisa. Nifanyeje?

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Usipunguze spidi, tatizo lako ni kona. Chukua hatua kumi, tano za kwanza nyooka, tano za mwisho kata kona ukiwa umelalia kushoto mwili mzima kuanzia kwenye vifundo vya miguu, sio mabega tu, yaani unalala mbali na ufito. Wengi hatua mbili za mwisho wananyooka wanaenda moja kwa moja kwenye godoro, na nahisi ndo unachofanya, sasa hapo lazima uuangukie. Hatua ya pili kutoka mwisho iwe ndefu kidogo, ya mwisho fupi na ya haraka, halafu goti la kulia lipande kwa nguvu. Ruka kwenda JUU kwanza, mgongo utageuka wenyewe, kona ndo inakuzungusha.

Zoezi ninalolipenda sana ni kukimbia kwenye duara bila ufito, kila siku, mpaka kulalia kuzoeleke. Na weka alama ya chaki pale unapoanzia jamani, bila hiyo kila mruko unakuwa mpya.

Dick Fosbury alishinda Olimpiki ya Mexico 1968 kwa mita 2.24 kwa staili hiihii, na kona ilikuwepo.