Mume akipotea miaka saba Uingereza: yaliyotupata sisi

Dada uliyeuliza kama mke anahesabiwa mjane moja kwa moja mume akitimiza miaka saba bila kuonekana: hapana. Miaka hiyo haifanyi kazi yenyewe, lazima uende mahakamani. Nasema kwa yaliyotufika, maana shemeji yangu alitoka nyumbani asubuhi moja mwaka 2006, huku England, na hatujamwona tena.

Dada yangu aliachiwa nyumba ya mkopo yenye majina mawili. Benki haikugusa kitu bila saini ya mumewe. Barua za bima zikawa zinakuja kwa jina lake, dada anazitunza kwenye boksi la viatu. Enzi hizo England na Wales ndoa ilikuwa na ombi lake na mirathi ombi lake, na karatasi uliyoipata kwa ajili ya ndoa haikukusaidia kwenye mirathi. Scotland walishakuwa na sheria yao tangu 1977!

Sheria mpya ya England na Wales ya wanaodhaniwa wamefariki (Presumption of Death Act) ilipopata idhini ya Malkia Machi 2013, tulilia kwa furaha. Kumbe kupitishwa si kuanza kutumika. Ilianza tarehe 1 Oktoba 2014. Mwaka mmoja na nusu, na mkopo unalipwa kila mwezi.

Unafungua shauri Mahakama Kuu, unaonyesha kwamba anaaminika amefariki, au kwamba miaka saba imepita bila yeyote kujua kama yu hai. Kisha unatoa tangazo gazetini, eneo alikoishi mara ya mwisho. Hapo ndipo dada alipovunjika. Aliliona jina la mumewe kwenye ile safu nyembamba, akaniambia, "Nimemzika mwenyewe." Tulikaa jikoni hadi usiku, sikuwa na la kumjibu.

Tamko la mahakama kwamba amefariki likishakuwa la mwisho, linamaliza ndoa na kufungua mirathi kwa pamoja, na jina linaingia kwenye rejista ya wanaodhaniwa wamefariki. Mtoto wa Lord Lucan, yule kabaila wa Kiingereza, alipita njia hiyohiyo mwaka 2016, kwa baba aliyetoweka 1974.

Na akirudi? Tamko linaweza kutenguliwa, ila ndoa haifufuki. Kuhusu mali, ombi likiletwa baada ya miaka mitano tangu tamko, mahakama hairudishi kitu isipokuwa kwa sababu ya kipekee kabisa.

Kwa hiyo usitupe karatasi hata moja, dada. Wakili wetu alipouliza ushahidi wa ukimya wa miaka yote ile, dada yangu alimwekea mezani lile boksi la viatu, barua zote bado zimefungwa.