Kiti cha Baiskeli Kisichoumiza: Niliyojifunza Kati ya Malindi na Gede

Siku ya nne tangu nianze kwenda kazini kwa baiskeli nilisahihisha madaftari ya darasa zima nikiwa nimesimama, na wanafunzi, ambao hawafichiki jambo, wakaanza kuulizana kwa minong'ono mwalimu amepatwa na nini. Nakaa Malindi mjini na kufundisha upande wa Gede, na kati ya mlango wangu na lango la shule pana takriban kilomita 15 za barabara ya lami iendayo Mombasa, yaani kilomita 30 kwa siku kwenda na kurudi. Pumzi ilizoea, miguu ikazoea, lakini makalio yalikataa katakata. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba nilikuwa nikitafuta dawa mahali pasipo ugonjwa.

Nilidhani tatizo ni ugumu. Baiskeli yenyewe ni ya mtumba, na kiti nilichoikuta nacho kilikuwa chembamba na kigumu kama ubao wa mbuzi ya nazi, kwa hiyo nilifanya ambalo angefanya mtu yeyote: nilinunua kifuniko kinene cha jeli kwa shilingi 600 nikakivisha juu yake. Siku mbili za mwanzo nilijiona nimefika. Siku ya tatu, nilipokuwa nikipita Msabaha, niligundua kwamba sihisi tena sehemu ambayo mwanamume hapendi kuacha kuihisi, na nikalazimika kushuka na kuikokota baiskeli mpaka damu iliporudi na kuniwasha kama upupu.

Sababu yake ni nyepesi kueleza ingawa muuzaji hakunieleza. Mtu anapoketi sawasawa uzito wake hubebwa na vifundo viwili vya mfupa vilivyo chini ya nyonga, ambavyo utavigusa mara moja ukikalia viganja vyako juu ya kiti kigumu. Mifupa hiyo imeumbwa kwa kazi hiyo. Katikati yake ndipo ulipo msamba, unaopitiwa na neva na mishipa ya damu ielekeayo sehemu za siri, na hapo hapakuumbwa kukaliwa. Kiti kikiwa laini kupita kiasi, ile mifupa miwili huzama ndani yake, na jeli au sponji iliyosukumwa pembeni hutafuta pa kwenda, ikainuka katikati na kuubana msamba ule ule uliotaka kuuhurumia. Ndiyo maana viti vinavyobonyea kama godoro hupendeza dukani, ambako mtu hukaa dakika moja, na hutesa barabarani, ambako hukaa saa nzima. Kwa safari fupi ya kwenda sokoni na kurudi sina ugomvi navyo.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa baiskeli, mzee mmoja ambaye hufanya kazi chini ya mwarobaini na ambaye hana haraka ya kuuza kitu. Nilimpelekea malalamiko yangu nikitarajia atatazama kiti, lakini yeye aliniambia, "Hebu geuka, mwalimu." Nikageuka. Akaitazama suruali yangu nyuma kwa muda, kama fundi cherehani anayetafuta kasoro, kisha akanionyesha kwa ncha ya bisibisi palipochakaa: upande wa kulia kitambaa kilikuwa kimebaki nyuzi tupu, na upande wa kushoto kilikuwa kizima. "Wewe huketi," akasema. "Wewe wacheza chakacha juu ya kiti."

Alikuwa na haki. Kiti kilikuwa juu mno, nami ili nizifikie pedali nilikuwa nikiyumbisha nyonga kulia na kushoto kila mguu unaposhuka, maelfu ya mara kwa safari moja, na kila yumbo moja lilikuwa ni msuguo mdogo wa ngozi juu ya kiti. Hakuna jeli ambayo ingeweza kutibu jambo hilo. Kabla hujanunua chochote, basi, anza na kimo. Kaa juu ya kiti huku mtu akikushikia baiskeli, pedali moja iwe chini kabisa, weka kisigino juu yake: goti linatakiwa linyooke bila nyonga kuinama. Ukirudisha mguu mahali pake pa kawaida, yaani kwenye mto wa wayo nyuma ya vidole, goti litabaki limekunjika kidogo, na hapo ndipo panapotakiwa. Wapendao hesabu wanaweza kusimama ukutani bila viatu, wabane kitabu katikati ya mapaja mpaka kiguse msamba, wapime kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha wazidishe kwa 0.883, jawabu ndilo umbali wa kukadiria kutoka katikati ya ekseli kubwa iliyo chini ya fremu, ile inayozungukiwa na mikono ya pedali, hadi juu ya kiti. Mimi nilipata sentimita 82, ambazo zinatoa sentimita 72.4, wakati kiti changu kilikuwa kwenye 76. Aliyeimiliki baiskeli hiyo kabla yangu bila shaka alikuwa mtu mrefu.

Wengi hapa kwetu wana kosa la upande wa pili, kwa sababu wamezoea kushusha kiti ili nyayo zote mbili ziguse chini wanaposimama. Inatia moyo kwa anayejifunza, lakini miguu isiyonyooka haisaidii kuubeba mwili, na uzito wote huangukia kiti, huku magoti yakilalamika kivyake. Ukipandisha, pandisha kidogo kidogo, na usivuke alama iliyochongwa kwenye bomba la kiti, maana bomba lililobaki fupi ndani ya fremu linaweza kukatika au kuipasua fremu yenyewe.

Baada ya kimo nilikuja kwenye upana, na hapa ndipo baraza ya nyumba iliponisaidia kuliko duka lolote. Nilikata kipande cha boksi lile lenye mawimbi ndani, nikakiweka juu ya saruji ya baraza, nikakikalia nikiwa nimevaa kikoi chepesi, nikainua visigino kidogo na kuinama mbele kama ninavyoinama kwenye baiskeli, nikahesabu mpaka 60. Nilipoinuka palikuwa na mabonde mawili. Nilipaka chaki katikati ya kila bonde na kupima kati ya alama hizo: sentimita 12. Jirani aliyekuwa akipita alinisalimu, akatazama boksi, akatazama rula, akaendelea na safari yake bila kuuliza. Anayekaa ameinama hujumlisha sentimita 1 au 2 kwenye kipimo hicho ili kupata upana wa kiti kinachomfaa, na anayekaa wima hujumlisha 3 au zaidi, kwa sababu mtu anavyozidi kukaa wima ndivyo anavyokalia sehemu ya nyuma na pana zaidi ya ile mifupa. Kiti changu kigumu cha mwanzo kilikuwa na upana wa sentimita 13 tu, nami nilikuwa nikikaa wima kama bwana harusi. Mifupa ilikuwa ikining'inia kingoni, nao msamba ukabeba nyumba nzima.

Mke wangu naye alikalia boksi, kwanza kwa kunicheka na baadaye kwa dhati, na kipimo chake kilizidi changu kwa sentimita moja na nusu. Nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana zaidi, ingawa si kila mwanamke humshinda kila mwanamume, na kwa hiyo kununua kiti kwa kufuata neno lililoandikwa kwenye pakiti badala ya kipimo chako mwenyewe ni kubahatisha. Yeye aliongeza jambo ambalo mimi nisingeliwaza: pua ndefu ya kiti, yaani ncha yake ya mbele, hunasa vazi la buibui wakati wa kupanda na kushuka, kwa hiyo alichagua kiti chenye pua fupi.

Kiti ninachokitumia sasa nilikipata kwa muuza mitumba, kina upana wa sentimita 15, kina mfereji katikati wa kuupumzisha msamba, na si laini. Ukikibonyeza kwa kidole gumba kinaitikia kidogo kisha kinakuzuia. Ukinunua cha mtumba kigeuze utazame vile vyuma viwili vya chini, maana vikiwa vimepinda hata kidogo utakaa upande maisha yako yote.

Lakini hata hicho kilinisaliti, na kisa chake ndicho nilichotaka hasa kukisimulia. Nilikifunga wakati wa kaskazi, na kwa miezi miwili asubuhi zangu zilikuwa raha tupu: upepo unanisukuma mgongoni kuelekea Gede, nimeketi wima, mikono imelegea. Kisha msimu ukageuka, kusi ikaanza kuvuma, na katika wiki ya pili ganzi ikarudi. Baiskeli ni ile ile, kiti ni kile kile, kimo hakijaguswa. Nilidhani kiti kimebonyea, nikakaribia kununua kingine. Ndipo nilipojitazama kwenye kivuli changu juu ya lami saa moja ya asubuhi na kuona mtu aliyekunjamana, kifua kimelalia usukani, anajaribu kupita chini ya upepo. Nilipoinama hivyo nyonga ilibiringika mbele, uzito ukahama kutoka kwenye mifupa hadi kwenye msamba, na pua ya kiti, ambayo wakati wa kaskazi ilikuwa haidhuru mtu, sasa ikawa inanichoma kutoka chini.

Tangu hapo nimeacha kukiuliza kiti kikoje. Huuliza kwanza nimekaaje. Kinachomfaa mtu anayekaa wima si lazima kimfae huyo huyo akiinama, na ikiwa unaendesha kwa namna mbili utalazimika kusawazisha kiti kwa ile inayokuchukulia muda mrefu zaidi. Mimi hutumia pima maji ya mwashi juu ya ubao mwembamba uliolala kutoka nyuma ya kiti hadi puani. Wakati wa kaskazi kiti hulala sawa kabisa. Kusi ikianza hulegeza nati kwa spana na kuishusha pua kidogo sana, kiasi ambacho jicho halikioni bila ubao. Ukishusha kupita hapo utateleza mbele, uzito utahamia kwenye viganja, na ganzi utakayoitoa chini itahamia vidoleni. Nilipandisha usukani pia kwa sentimita 2, na kwa kweli hilo lilinisaidia kuliko nilivyodhani.

Kusogeza kiti mbele au nyuma ni suala la timazi. Funga nati kwenye uzi, weka pedali mbele zikiwa usawa mmoja, teremsha uzi kutoka chini kidogo ya pia ya goti la mbele: uangukie karibu na ekseli ya pedali hiyo. Ni mahali pa kuanzia tu, wala si sheria. Lililo muhimu ni kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, uendeshe siku mbili tatu, uandike. Mimi niliandika nyuma ya daftari la maandalio, na nikachora alama kwa rangi ya kucha kwenye bomba la kiti ili nikiharibu nijue pa kurudi.

Juu ya mavazi nitasema machache. Suruali ya jinzi ina mshono mnene unaokutana hasa pale usipotaka mshono. Bukta yenye kitambaa kinene cha ndani iliyoshonwa kwa ajili ya waendesha baiskeli ni fedha iliyotumika vizuri, mradi uivae bila chupi ndani yake, kwani chupi ndiyo huleta mshono na unyevu uliokuwa ukivikimbia, na uifue kila siku. Kwa joto letu na jasho letu mchubuko mdogo wa Jumatatu huwa kidonda kufikia Alhamisi. Mimi hubadilisha nguo nikifika shuleni, na suruali zangu za kufundishia sasa huzeeka kwa heshima.

Wako watakaokuambia utafute kiti cha ngozi cha zamani, na mimi nilikuwa nacho, kilichotoka kwenye baiskeli ya marehemu mjomba. Viti vya aina hiyo, kama vile vya kampuni ya Brooks ambao walianza huko Birmingham, Uingereza, mwaka 1866, ni ngozi iliyowambwa kama ngoma bila sponji yoyote, na uzuri wake ni kwamba hujifinyanga taratibu kwa umbo la mwenyewe. Tatizo ni kwamba hicho kilikuwa kimejifinyanga kwa umbo la mjomba. Nami nikazidisha ujinga kwa kukilowesha mafuta ya nazi usiku kucha nikidhani kitalainika. Kililainika hasa, kikalegea kama machela, na hakuna skrubu iliyoweza kukivuta tena. Mafuta mengi huiua ngozi ya kiti. Hata ukikitunza vyema, hapa pwani utapigana na kuvu wakati wa masika na kutu ya springi mwaka mzima kwa ajili ya hewa ya chumvi.

Utajuaje, basi, kwamba kiti ulicho nacho ni cha kuvumilia au cha kutupa? Uchovu wa ile mifupa miwili, unaofanana na kupondeka kidogo, ni wa kawaida kwa mgeni na hupungua baada ya wiki moja au mbili za kuendesha mara kwa mara. Ganzi si ya kuvumilia hata siku moja: simama juu ya pedali kila baada ya dakika kumi hivi ili damu ipite, na ukifika nyumbani badilisha kitu. Ikiendelea kukaa nawe baada ya kushuka, nenda kwa daktari, wala usione haya kutaja mahali inapouma.

Kifuniko cha jeli sikukitupa. Mke wangu alikivisha mbuzi, akakunia nazi kwa siku mbili, kisha akakivua akaniletea mkononi: kinateleza, akasema, na mgongo unamuuma.