Mbona samaki ngege (tilapia) anakufa nje ya maji na mwenzake kamongo hafi haraka?
Dada, ni kweli oksijeni hapa nje imejaa kuliko majini, shida iko kwa matamvua, yale ya kupumulia samaki. Vile viuzi vyekundu vikiwa majini vinatawanyika, oksijeni inaingia kwa damu na kaboni dioksaidi inatoka, sasa mvuvi wa Ggaba, kule Ziwa Victoria upande wa Uganda, akimtupa ngege kwenye mtumbwi vinagandana kama nywele zilizolowa na pumzi inakata. Kamongo, hiyo emmamba ya Waganda, ana mapafu kabisa, lazima apande juu kuvuta hewa, ukimzuia chini muda mrefu anakufa maji, samaki mzima! Ajabu ni kwamba kaboni dioksaidi nyingi bado anaitolea majini, kupitia matamvua na ngozi.