Kula pilu kwanza: kwa anayeanza kusoma ushairi wa Kisaraiki

Kuna mstari mmoja wa Khwaja Ghulam Farid, shekhe na mshairi wa Kisaraiki, nilioukariri kwa muda mrefu bila kuujua. Unasema: Aa chunun ral yaar, pilu pakkian ni ve. Nilikuwa karani wa ghala la vifaa vya ujenzi huko Ruwi, Muscat, na madereva wetu watatu walikuwa watu wa Rahim Yar Khan, kusini mwa Punjab, Pakistan, ambako wengi husema Kisaraiki. Waliuimba wakifunga turubai juu ya mizigo. Mimi nilikuwa nimesoma mahali kwamba kafi, huo ushairi wao wa kuimbwa, ni ushairi wa kisufi. Basi nikajipangia maana: pilu ni roho, kuiva ni kukamilika, kuchuma ni kuonana na Mola. Siku moja nikamweleza hivyo mkubwa wao, mzee mwenye ndevu za hina. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akaniuliza, "Sain, umewahi kula pilu?"

Sain ndilo neno lao la heshima, kama sisi tunavyosema maulana au bwana. Na pilu sikuwahi kula.

Pilu ni tunda dogo kama punje ya mbaazi, la mti wa jamii moja na mswaki wetu, huu tunaokata vijiti vya kusugulia meno. Katika jangwa la Cholistan, ambalo wenyewe huliita Rohi, pilu huiva wakati wa joto kali, kabla mvua hazijaja. Ukizila mojamoja zinauma ulimi, kwa hiyo watu hutia kinywani konzi nzima. Kafi yenyewe inazitaja kwa rangi zake: nyeupe, za kijani, za manjano, za hudhurungi, za samawati iliyopauka, nyekundu. Watu hutoka kwa makundi na vikapu, wake kwa waume, na wako wanaokwenda kuchuma matunda wakaacha nyoyo zao huko. Baada ya kuelezwa haya niliusoma upya ule mstari, "Njoo mwenzangu tuchume pamoja, pilu zimeiva," na kwa mara ya kwanza nikauona uharaka uliomo. Pilu hazingoji. Wiki chache, kisha zimekauka.

Ushauri wangu wa kwanza kwako unatoka hapo. Ukikutana na neno usilolijua kwenye kafi, usikimbilie maana yake ya ndani. Kwanza jua ni kitu gani, kinakaa wapi, kinaliwa au kinapandwa au kinakanyagwa. Toba, kwa mfano. Utaiona tena na tena. Toba ni bwawa la kukusanyia maji ya mvua jangwani. Likijaa, wafugaji hurudi Rohi na ng'ombe, kondoo na ngamia wao, hujenga makambi yao wanayoyaita jhok, na wapendanao hukutana. Likikauka, kila mtu huhama na mifugo yake kutafuta maji, na wapendanao hutengana. Ukishalijua hili, utaona kwamba kukutana na kuachana katika kafi za Farid kunafuata kalenda ya maji. Hayo mambo mawili ndiyo moyo wa ushairi wa kisufi kila mahali, lakini kwake yeye yana mawingu na vumbi. Anaposema mvua imenyesha, anamaanisha mvua imenyesha. Yale mengine huja juu yake, hayaji badala yake.

Iko kafi nyingine inayosema kwamba katika Rohi wanakaa wasichana wazuri wa kifugaji, usiku huwinda nyoyo, mchana husukasuka maziwa mitungini. Nimewahi kusoma fasiri iliyougeuza ule mtungi wa maziwa kuwa kifua cha mja. Labda. Lakini kama hujawahi kumwona mtu akisukasuka maziwa mpaka siagi ijitenge, mkono ukiuma, jua likipanda, hiyo fasiri inasimama juu ya hewa. Nenda kwa mfugaji yeyote wa kwenu ukaangalie.

Na si kila kafi inaelekea mbinguni. Nawab Sadiq Muhammad Khan wa Nne, mtawala wa dola ya Bahawalpur chini ya himaya ya Waingereza, alikuwa murid, yaani mwanafunzi wa kiroho, wa Farid. Shekhe wake akamwimbia aukalie na kuustawisha mji wake mwenyewe, na aving'oe vituo vya polisi vya Kiingereza: Apni nagri aap vasa tun, pat angrezi thane. Thana ni kituo cha polisi, basi. Ukiutafutia huo mstari fumbo la nafsi, umempokonya mshairi ujasiri wake.

Sasa masikio. Hapa wewe msemaji wa Kiswahili una mtaji ambao wanafunzi wengi wa Kisaraiki hawana. Lugha hii ina sauti nne ambazo Kiurdu hakina, namna ya b, d, j na g zinazotamkwa kwa kuvutia pumzi ndani. Wanaotokea kwenye Kiurdu au Kiingereza huhangaika nazo sana. Wewe unazo tangu ulipojifunza kumwita baba. Weka kidole juu ya koromeo useme "baba" polepole: utalihisi likishuka. Kisha sema "mbuzi": halishuki. Ile b ya baba ndiyo Wasaraiki wanayoiandika ٻ, na ile ya mbuzi ndiyo ب ya kawaida. Kwetu sisi hizi mbili hazigombani, kwa sababu moja inakaa baada ya m na nyingine kwingineko. Kwao zinaweza kusimama mahali pamoja zikabadilisha maana, kwa hiyo kila moja ina herufi yake. Mtoto ni ٻال, mbili ni ݙو, ng'ombe ni ڳاں. Kwa muda mrefu nilikuwa natamka vizuri bila kujua, na nikitaka kutamka ile nyingine, ya kawaida, ndipo nilipokosea. Zoezi lililonisaidia ni hili: sema "mbali", kisha irudie ukiimeza ile m mpaka isisikike, ubaki na b yake peke yake. Fanya vivyo hivyo na "ndoo" na "ngoma". Ukitoka Mombasa au Lamu, ambako watu hutofautisha p, t na k zenye pumzi na zisizo na pumzi, utapata nafuu nyingine. Patakapokutoa jasho ni kwenye zile sauti za kukunja ulimi nyuma. Hizo hazina njia ya mkato.

Msikilize mwimbaji Pathanay Khan. Alizaliwa mwaka 1926 na kufariki mwaka 2000, mtu wa upande wa Kot Addu, na Wapakistani wengi wasiojua neno la Kisaraiki wamelipata kutoka kinywani mwake katika ile kafi ya Meda ishq vi tun, "Mapenzi yangu ni wewe, mwenzangu ni wewe, dini yangu ni wewe, imani yangu ni wewe." Sikiliza bila karatasi mkononi. Halafu sikiliza na kitabu, na usishtuke ukikuta mwimbaji ameruka ubeti, amerudia mstari mara sita, au ameingiza dohra, shairi fupi la kusimama peke yake, katikati ya kafi. Mimi nilidhani anakosea, nikawa naandika masahihisho pembeni. Baadaye nilielewa kwamba kitabu na sauti ni mapokeo mawili, kila moja lina haki yake. Diwani ya Farid ina kafi takribani 270. Usianze ukurasa wa kwanza ukaenda hadi wa mwisho. Anza na zile ulizokwisha kuzisikia zikiimbwa.

Jambo la sarufi ambalo natamani mtu angeniambia mapema: angalia viishio vya vitenzi. Kisaraiki kina jinsia ya kike na ya kiume katika kitenzi. Farid, shekhe wa tarika ya Chishti, mwenye kilemba na murid wengi, anasema "nimekwenda, nimelia, nimengoja" kwa viishio vya kike. Mara nyingi anayesema ni Sassi. Huyu ni msichana wa Bhambore aliyelelewa na dobi, akampenda Punnun, mwana wa mtawala wa Kech huko Makran. Ndugu zake Punnun walimlevya, wakamtoroshea kwao usiku juu ya ngamia. Sassi alipoamka akakuta nyayo za ngamia mchangani, akazifuata kwa miguu jangwani hadi kufa kwake. Msikilizaji wa Kisaraiki halazimiki kutajiwa jina lake. Kitenzi cha kike, mchanga na ngamia vinatosha.

Kiswahili chetu hakina alama hiyo. "Nimelia" ni nimelia, awe bibi au bwana. Kwa hiyo tafsiri yangu ya kwanza ya kafi ya Sassi ilisomeka kama mzee anayelalamika. Nilijaribu kuongeza "mie mwanamke", ikawa nzito. Kilichonifaa ni kutafuta maneno ambayo kwetu husemwa zaidi na wanawake, namna ya kuapa, namna ya kumwita mpenzi, namna ya kuomboleza, na kuyaacha hayo yabebe kazi ya kile kiishio. Pia nilikuwa nimejifunga kwenye vina na mizani ya nane kwa nane, kwa mapenzi ya ushairi wetu. Nikaiacha. Kafi inategemea kiitikio kinachorudi na mahadhi yake, na kiitikio tunakijua vizuri. Lishike hilo kwanza, mizani itakuja kama itakuja.

Katika ubeti wa mwisho mshairi hujitaja jina, kama washairi wetu wanavyofanya kwenye tamati. Ukiona pia jina Fakhr Jahan, huyo ni kaka yake mkubwa, aliyemlea na ndiye aliyekuwa murshid wake, yaani kiongozi wake wa kiroho.

Kuhusu tungo nyingine nitapita haraka. Si harfi ni shairi linalofuata herufi za alfabeti ubeti kwa ubeti, na msomaji wa tungo zetu za zamani za abjadi hatahitaji maelezo. Marsia, mashairi ya kuomboleza waliouawa Karbala, zina nguvu kubwa katika mji wa Multan, na waombolezaji wengi wa Pakistan husoma kwa Kisaraiki hata wanapozungumza lugha nyingine majumbani. Wa zamani zaidi ni Baba Farid, mzaliwa wa jirani na Multan aliyefariki karne ya 13, ambaye beti zake zimo ndani ya kitabu kitakatifu cha Masingasinga. Usimchanganye na Khwaja Farid aliyefariki mwaka 1901. Mimi niliwachanganya mbele ya watu, na ilichukua muda kuaminiwa tena. Sachal Sarmast wa Daraza, aliyefariki mwaka 1827, alikuwa mtu wa Sindh na aliandika kwa Kisindhi na Kisaraiki pia. Kisindhi nacho kina zile sauti nne.

Utaulizwa kama Kisaraiki ni lugha au lahaja ya Kipunjabi. Usianzie hapo, utamaliza mwaka hujasoma kafi moja. Ila jua historia ya jina, kwa sababu itakusaidia kutafuta vitabu. Jina Saraiki lilikubaliwa kuwa mwavuli wa wote miaka ya 1960. Kabla ya hapo kila eneo liliiita lugha hii kwa jina lake, Multani, Riasati, Derawali, kama Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Sensa ya Pakistan ilianza kuihesabu peke yake mwaka 1981, na katika ile ya mwaka 2017 wasemaji wake walikuwa kama asilimia 12 ya watu wote. Kwa sababu ya majina hayo mengi, faharasa ya O'Brien ya mwaka 1881 inaiita Multani, kamusi ya Jukes ya mwaka 1900 inaiita Jatki, na mtaalamu wa lugha Grierson anaiweka chini ya Lahnda, jina la kundi la lugha za magharibi mwa Punjab. Sarufi ya Christopher Shackle ya mwaka 1976 ndiyo utakayoikuta chini ya jina la leo. Ukiwa maktabani, tafuta majina yote.

Kwenye kompyuta, hakikisha fonti yako inazo herufi ݙ, ile ya ݙو, na ݨ, ile n ya kukunja ulimi. Ziliingia Unikodi mwaka 2005 tu, na maandishi mengi ya zamani yameandikwa kwa herufi za Kiurdu zinazofanana nazo. Ukitafuta neno kwa tahajia moja hulipati. Andika zote mbili.

Na usibaki makaburini Mithankot, alikozikwa Farid. Riffat Abbas wa Multan, Ashu Lal wa Layyah na Shakir Shujabadi ni washairi wa zama zetu. Shakir ana ulemavu unaomfanya asieleweke kirahisi anaposema, na mtu hukaa kando yake akiyarudia maneno yake kwa hadhira. Tafuta picha za video za mikutano hiyo. Utaona umati umenyamaza ukimtazama yeye, si yule anayerudia, na watu wameanza kutikisa vichwa kabla mstari haujarudiwa.

Yule mzee alirudi kwao Rahim Yar Khan. Mwaka mmoja, mwezi wa sita, alinitumia pilu zilizokaushwa, kwa mkono wa kijana aliyekuwa anakuja Muscat kuanza kazi, zimefungwa kwenye kitambaa. Zilikuwa zimeshikana, rangi zote zimekuwa moja, kahawia. Nilitia kinywani konzi nzima kama nilivyofundishwa. Kuna utamu, kisha kuna kitu kama pilipili manga kinachokuja nyuma yake polepole, kikakaa.