Maneno ya Fizikia na Kemia: anza na yale unayodhani unayajua

Nilipokuwa kidato cha kwanza, katika skuli moja ya huku Pemba, niliacha wazi swali la Kemia lenye alama nne. Lilitaka tofauti ya mambo mawili, na yote yaliandikwa kwa Kiingereza. Usiku wa kuamkia mtihani nilikuwa nimeyatafutia maana, na mbele ya kila moja niliandika neno lile lile: kuyeyuka. Sasa nitofautishe nini na nini? Nilitoka nikiamini mtihani umekosewa.

Haukukosewa. Lugha ya nyumbani hutosheka na neno moja mahali ambapo sayansi inadai mawili. Siku hizi nawasomesha watoto wa mtaani kwetu jioni, na wengi wanaokuja wakilalamika kuwa Fizikia ngumu hawakukwama kwenye kanuni. Wamekwama kwenye neno wanalolitumia tangu wadogo. Ndiyo maana sianzi na atomi wala molekuli. Haya ni maneno mageni, na neno geni mtu hulisoma kwa uangalifu. Linaloponza ni lile ulilolizoea.

Turudi kwenye kuyeyuka. Mama akipika kaimati za Ramadhani, huinjika maji na sukari apate shira. Sukari inapotea machoni, lakini ladha yake imo. Haikugeuka maji. Imetawanyika chembe chembe katikati ya maji, na ukiyaacha maji yakauke taratibu utaipata tena. Huko ni kumumunyika, na shira ni mmumunyo.

Sasa tazama chupa ya mafuta ya nazi. Kipupwe kikiingia, bibi alikuwa akiamka alfajiri anayakuta yameganda, meupe kama tui zito. Anaiweka chupa karibu na jiko, na kabla chai haijaiva, mafuta yameanza kuachana na kioo, yanateleza pembeni, mwisho yanakuwa majimaji matupu. Hakutia kitu ndani. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi kama 24 za Selsiasi, kwa hiyo ubaridi kidogo wa alfajiri unatosha kuyagandisha. Huku ndiko kuyeyuka kwenyewe.

Basi jiulize: hapa pana vitu vingapi? Kikiwa kimoja, kimepata joto kikatoka ugumu kikawa majimaji, kimeyeyuka. Vikiwa viwili, kimoja kikajificha ndani ya mwenzake, kimemumunyika. Alama zangu nne zilikuwa jikoni kwetu siku zote.

Uzito nao. Dukani tunasema uzito wa mchele ni kilo mbili, na muuzaji anatuelewa. Darasani, kilo ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu. Uzito ni kani, yaani msukumo au mvuto; hapa ni ule mvuto wa dunia juu ya kitu hicho, na hupimwa kwa nyutoni. Ndoo ya maji ya lita 20 ina tungamo la kilo 20, ukiiacha ndoo yenyewe. Dunia huvuta kila kilo kwa nyutoni 9.8, kwa hiyo uzito wa maji hayo ni nyutoni 196. Ungeyafikisha mwezini, yangekuwa kilo 20 zile zile, lakini uzito ungeshuka hadi nyutoni 32 hivi, kwa sababu mvuto wa kule ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu.

Ndoo hiyo hiyo naitumia kufundishia neno kazi. Umejitwika, umesimama tuli unamsubiri mwenzio ajaze yake. Fizikia inasema hujaifanyia ndoo kazi yoyote, maana kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kuelekea upande wa kani hiyo. Binti mmoja alinikatalia kabisa, akaniambia shingo yake ni shahidi. Nikamwambia shingo haisemi uongo: misuli inatumia nishati na wewe unachoka kweli. Lakini ndoo haikupanda wala haikushuka, haikupata chochote kutoka kwako. Aliposikia hivyo akatulia, na naona ndipo alipoanza kuitenga kani na nishati. Kabla ya hapo, zote kwake zilikuwa nguvu.

Joto na halijoto sitakaa nazo sana. Kahawa ya barazani inaunguza ulimi na bahari haiunguzi, lakini bahari imebeba nishati nyingi kuliko vikombe vyote vya mjini. Halijoto ni ukali wa moto wa kitu. Joto ni nishati inayohama kutoka penye ukali mwingi kwenda penye ukali mdogo.

Mitihani ya sekondari ni ya Kiingereza, najua, na wazazi huniuliza kwa nini nasomesha kwa Kiswahili. Kwa sababu mtoto asiyeelewa kitu kwa lugha yake hukikariri tu kwa lugha ya pili, na swali likigeuzwa kidogo anapotea. Weka daftari dogo. Kila neno la Kiingereza liandikie sentensi yako mwenyewe ya Kiswahili, yenye kitu ulichokiona kwa macho yako. Usinakili tafsiri ya kamusi peke yake. Hiyo ndiyo iliyoniponza mimi.

Kwenye Kemia, mfano ninaoupenda kuliko yote ni tanuu la chokaa. Magogo ya minazi hupangwa, juu yake mawe ya matumbawe, kisha moto. Mawe hayo kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, kampaundi, yaani maada moja iliyotokana na muungano wa elementi (maada za msingi), hapa tatu: kalsiamu, kaboni na oksijeni. Yakipata moto wa nyuzi kama 900, hutoa gesi ya kaboni dioksidi na kubakisha kalsiamu oksidi. Kilo 100 za kaboneti safi hubaki kilo 56, na zile 44 zimekwenda hewani.

Halafu humwagiwa maji. Nilisimama mbali kidogo siku ya kwanza kuona, na bado nilisikia vuke usoni: mawe yanachemka bila moto, yanapasuka, yanageuka unga. Usimruhusu mtoto asogee, unga ule unaunguza ngozi na unaweza kupofua jicho. Kilichopatikana sasa ni kalsiamu haidroksidi. Mwashi akishaipaka ukutani, taratibu huvuta kaboni dioksidi kutoka hewani na kurudi kuwa kalsiamu kaboneti, kama lile jiwe la mwanzo. Kuta za Mji Mkongwe zimeshikana hivyo.

Mafuta ya bibi yalibadilika kiumbo tu, yalibaki mafuta. Tanuuni maada yenyewe imekuwa nyingine, ndiyo maana tunaliita badiliko la kikemikali. Na angalia lile neno chokaa. Kinachotoka motoni tunakiita chokaa, kikishamwagiwa maji ni chokaa, na kikikauka ukutani bado ni chokaa. Ni kampaundi tatu tofauti. Mwanafunzi wangu akiandika "chokaa" kwenye jibu, namrudishia daftari nikimuuliza: ipi?