Tustroki au fostroki? Uliza kwanza mafuta yanakatwa kwa nani

Msimu wa korosho ukipamba moto na malipo ya mnada yakianza kuingia, simu yangu haitulii. Mtu ana milioni zake kadhaa, ana mtumbwi au boti ya faiba pale Msanga Mkuu, Msimbati au Sudi, amechoka kusubiri upepo, sasa anataka mashine ya kufunga nyuma ya chombo. Swali huwa lile lile: ninunue tustroki au fostroki? Nami humrudishia swali ambalo wengi wanaona nawazungusha tu: kwenye chombo chako, mafuta yanakatwa kwa nani?

Nitafika huko. Kwanza tuelewane kuhusu mashine zenyewe.

Tustroki ni ile ya kuchanganya: oili unaimimina kwenye petroli, vinaungua pamoja, na krenki, ule mhimili wa injini, ikizunguka mara moja silinda inalipua mara moja. Fostroki ina oili yake chini kama bodaboda, na silinda inalipua mara moja katika mizunguko miwili. Ndiyo maana tustroki ni nyepesi na ina hasira, ukiifungulia inaitika papo hapo. Ila ndani yake petroli mpya inaingia wakati moshi bado unatoka, kwa hiyo sehemu ya petroli hiyo inatoka nao bila kuungua. Kwenye zile za kabureta hasara inaweza kufika robo ya mafuta, hata zaidi. Mikindani asubuhi, maji yametulia ghubani, utauona nyuma ya chombo ule utando wa rangirangi. Ile ni hela, na inaelekea kwenye mikoko.

Marekani walianza kuzibana mashine hizi kwa kanuni za moshi mwaka 1998 na wakaendelea kukaza mpaka 2006. Ulaya nao wakafuata, na tustroki mpya za kabureta zikatoweka kwenye maduka yao. Huku kwetu bado zinakuja mpya kwenye boksi. Zilikuwepo pia tustroki za kisasa za Evinrude zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ambazo hazimwagi namna hiyo, lakini utengenezaji wake ulisimamishwa mwaka 2020. Ukiuziwa ya mtumba, fikiria spea kabla ya kufikiria bei.

Sasa hesabu. Tuchukue mashine ya nguvu za farasi 15, maana ndiyo wengi wanayoulizia. Ikikimbia kwa nguvu zote, tuseme tustroki inakula lita 8 kwa saa na fostroki lita 6. Tuseme safari moja mashine inafanya kazi saa 3, na mwezi una safari 20 ukitoa siku za bahari kuchafuka. Petroli tuipe shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu isitusumbue. Tofauti ya lita 6 kwa safari ni shilingi 18,000, na kwa mwezi ni 360,000. Kama fostroki imekuzidi bei kwa milioni 3, kwa hesabu hii inarudisha hela hiyo baada ya miezi minane na kidogo. Na hapo sijagusa oili: lita 24 za tustroki kwa kipimo cha 50 kwa 1, yaani petroli 50 kwa oili 1, zinataka karibu nusu lita ya oili kila safari, yaani karibu lita 10 kwa mwezi. Fostroki ya 15 inabeba chini ya lita 2, nayo unaimwaga kila baada ya saa 100 za kazi.

Weka namba zako mahali pa zangu. EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa Mtwara tuna bei yetu kwa mafuta yanayoshushwa bandarini kwetu, lakini hiyo ni bei ya sheli. Kijijini unaponunua kwenye madumu na chupa, ongeza ya muuzaji.

Wauzaji wa fostroki huishia hapo kwenye hesabu, na mnunuzi anatoka dukani anacheka. Mimi naona bado hajaanza kuhesabu. Huku pwani samaki wakishauzwa, mafuta, barafu na chakula vinatolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinachogawanywa: fungu la chombo, la mashine, la nyavu, na mafungu ya mabaharia. Matengenezo hayaingii humo. Pistoni ikikwama, tajiri, yaani mwenye chombo, anaingia mfukoni mwake peke yake.

Angalia basi kinachotokea. Tajiri ananunua fostroki kwa milioni 3 za ziada, zote zake. Kila safari inaokoa shilingi 18,000, lakini zinarudi kwenye kapu la wote kabla ya mgao. Kama mgao wenu ni nusu kwa nusu, yeye anaona 9,000 tu. Ile miezi minane inakuwa kumi na sita na ushee, na katikati kuna kusi (upepo mkali wa kusini) ambalo litakufungia nyumbani siku nyingi. Ndiyo maana matajiri wengi wa pwani yetu hawaachi tustroki, na watu wa mjini wanaowaita washamba hawajawahi kukaa kwenye mgao. Mashine ya bei rahisi yenye spea rahisi inamlinda tajiri, petroli inayomwagika wanailipa wote.

Kwa hiyo ukitaka fostroki na una mabaharia, kaa nao kabla mashine haijafika ufukweni. Waeleze kwamba makato ya mafuta yatapungua, na omba kwa maelewano fungu la mashine lipande kidogo mpaka tofauti ya bei irudi, kisha lishuke. Nimeona makubaliano ya namna hiyo yakifanya kazi vizuri, na nimeona pia tajiri akijaribu kuyaleta baada ya mashine kuanza kazi, nahodha akahama chombo. Nahodha mzuri anaangalia makato. Mkilipwa mbele ya mnunuzi wa samaki, kila mtu anasikia boti ipi imekatwa mafuta kiasi gani.

Kama chombo ni chako na unakwenda mwenyewe au na mwanao, hesabu ya kwanza inakuhusu yote. Mwenye boti ya abiria vilevile: nauli ni yako, mafuta ni yako. Huyo simshauri tustroki hata kidogo, na abiria wake nao watapumzika na ule moshi.

Jambo la pili ni uzito, na hapa tustroki inashinda bila ubishi. Tustroki ya 15 ina kilo 36 hadi 40 hivi. Fostroki ya nguvu hiyo hiyo imepita 50. Ukipanda kwenye 40, moja iko karibu na kilo 70 na nyingine inaikaribia 100. Kwenye boti ya faiba si tatizo kubwa. Kwenye mtumbwi mwembamba kilo hizo zote zinakaa kwenye tezi, chombo kinainua pua na mawimbi yanaingia kwa nyuma.

Halafu kuna kubeba. Sisi hatuachi mashine kwenye chombo usiku, wezi wapo. Siku za bamvua maji yanakupwa kwa zaidi ya mita 3, chombo kinabaki mbali huko, na mashine inakuja nyumbani begani kwa mtu kupitia matope na mawe. Tustroki ya 15 kijana mmoja anaiweka begani. Fostroki inataka wawili, na inataka adabu: ikilazwa, ilazwe kwa ubavu ule ulioandikwa kwenye kitabu chake, la sivyo oili inapanda kwenye silinda, na kesho asubuhi unavuta kamba haiendi. Mwambie hivyo kila mtu atakayeigusa, pamoja na dereva wa bajaji.

Mashine ikizama kwenye wimbi, nayo inatokea hasa kusi linapovuma, tustroki unaifungua plagi, unaisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, unavuta kamba mpaka maji yaishe ndani, unatia oili kidogo kwenye silinda na kuiwasha siku hiyo hiyo. Usiiache ilale na chumvi. Fostroki inataka hayo yote pamoja na kumwaga oili, pengine mara mbili tatu, mpaka ile inayotoka isiwe na rangi ya chai ya maziwa.

Kuhusu mafundi, watu wanaogopa fostroki kupita kiasi. Tustroki kila ufukwe una mtu wake anayeijua, hilo kweli. Lakini vijana wanaofungua injini za bodaboda kutwa nzima wanazijua valvu na taimingi kuliko wazee wetu wa ufukweni, na fostroki ndogo ya kabureta haiwashindi. Kinachowashinda ni zile za umeme mwingi zinazopuliza mafuta kwa nozeli. Hizo zinahitaji kipimo cha kompyuta, na kama huna uhakika wa kukipata karibu, kaa kwenye kabureta na kamba ya kuvuta kwa mkono.

Adui mkubwa wa fostroki huku ni petroli ya madumu. Njia za mafuta kwenye kabureta yake ni nyembamba. Uchafu kidogo au maji kidogo inaanza kukohoa. Chuja kila unapojaza, na funga chujio la kutenganisha maji kati ya tangi na mashine. Kusi likikufungia nyumbani, chomoa paipu ya mafuta na uiache mashine izime yenyewe kwa kumaliza kilichomo, la sivyo petroli inakauka ndani na kuacha gundi.

Mtu ataniuliza kuhusu mashine za mafuta ya taa. Ziko nchi ambako zinalipa. Kwetu ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa mwaka 2011 ili watu waache kuyachakachua kwenye dizeli, na unafuu wake ukaisha. Sioni sababu ya kuzifuata.

Ukiamua tustroki, pesa yako inalindwa na oili. Saa 10 za mwanzo mashine mpya ya Yamaha inataka 25 kwa 1, maana yake mililita 800 kwenye dumu la lita 20. Baada ya hapo 50 kwa 1, mililita 400. Pima kwa kopo lenye alama. Mabaharia wakitaka kupunguza makato, oili ndiyo kitu cha kwanza kupunguzwa, ringi zinashika, na gharama hiyo, kama nilivyosema, haiingii kwenye mgao. Mimi ningechanganya mwenyewe nyumbani na kuwakabidhi dumu lililofungwa. Oili iwe yenye alama ya TC-W3, ambayo ni ya mashine zinazopozwa kwa maji. Ile ya misumeno ya mbao ni ya injini za kupozwa kwa upepo, inaacha majivu kwenye plagi na kwenye pistoni. Fostroki mpya nayo mwage oili ya kwanza ikifika saa 20, usingoje 100.

Zote mbili zisuuze kwa maji baridi ndani ya pipa kila zikirudi. Najua vijiji vyetu vingine maji ni ya kununua. Nunua. Na wanaopita kwenye mafungu ya mchanga pale mlangoni mwa mto Ruvuma wabadilishe impela, kile kipanga cha mpira ndani ya pampu ya maji, mapema kuliko kitabu kinavyosema, maana mchanga unaila.

Mimi ningekuwa na mtumbwi wa matanga unaotumia mashine kuingia na kutoka tu, saa moja kwa siku au chini yake, ningechukua tustroki ya 15 na nisigeuke nyuma. Kwa kurambaza nguru kutwa, yaani kuburuta ndoano nyuma ya chombo, fostroki, kwa sababu mwendo wa polepole ndiko tustroki inakomwaga vibaya zaidi na kuchafua plagi. Kwa safari ndefu kama Kilwa Masoko hadi Songosongo, fostroki, na hesabu ya mgao iwe imekwisha kuzungumzwa.

Wenye fedha pungufu wataangukia mtumba, basi nimalizie hapo. Legeza skrubu ya chini ya oili ya gia: ikitoka nyeupe nyeupe, sili imekufa na maji yanaingia. Fostroki, chomoa kijiti cha oili uangalie kitu hicho hicho. Fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana sana, ondoka. Ikiwashwa, maji ya kupoza yatoke kwa nguvu kwenye tundu lake, na iwashwe ndani ya maji, usikubali kuonyeshwa ikiwa kavu. Kabla ya yote hayo, ukifika tu, weka kiganja juu ya kichwa cha mashine. Ikiwa ya moto, muuzaji ameishaihangaikia kabla hujaja. Mwambie umepata dharura, na urudi kesho alfajiri bila kumpigia simu.