Kabla ya kuchota sampuli, ijue Septemba 1

Juma lililopita kijana mmoja aliyemaliza shahada ya uzamili hapa Njoro aliniandikia: "Mwalimu, utafiti wangu wa maji umekamilika. Nitaufikishaje kwa watunga sera?" Neno "umekamilika" liliniuma. Nami niliwahi kulitamka kwa fahari.

Miaka kadhaa iliyopita, taasisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilipima floridi katika visima virefu vya upande wetu wa Nakuru. Mnaijua shida yenyewe: miamba ya volkeno ya Bonde la Ufa huachia madini hayo ardhini, na mtoto anayeyanywa tangu akiwa mdogo huota meno yenye madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua sufuriani, floridi inabaki na kukolea. Mama mmoja alituita jikoni, akamwambia bintiye afungue mdomo tuone. Msichana akaufunika kwa kiganja. Mama akaniuliza, "Sasa mkishapima, mtatuletea nini?" Nikamwambia ripoti inakuja.

Ikaja, kurasa 140. Tuliifikisha katika ofisi za kaunti mwezi wa Oktoba, tukapewa dakika kumi mwishoni mwa kikao, watu wakishika mikoba yao. Afisa mmoja akanivuta kando: "Daktari, mngekuja kabla ya Agosti kuisha." Nilipanda matatu nimekumbatia nakala zilizobaki. Hadi leo nikikumbuka safari ile kifua kinabana.

Afisa yule alisema kweli. Mpango wa maendeleo wa mwaka, unaotaja miradi ya kaunti, hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na waraka wa mkakati wa fedha, unaoweka vipaumbele vya bajeti, kufikia Februari 28. Ukikosa tarehe hizo, matokeo yako yanangoja mwaka mzima, na visima vinaendelea kuchimbwa. Isitoshe, tulibisha mlango mmoja tu. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti huduma za maji, lakini ulinzi wa vyanzo vya maji ukabaki kwa serikali ya kitaifa. Mtafiti wa maji ana milango miwili, na kila mmoja una kalenda yake.

Mara ya pili tulianza Mei, kabla ya kuchota hata chupa moja. Tulikaa na wahandisi wa maji na chama cha watumiaji wa maji, tukauliza: ni uamuzi gani uko mezani kwenu? Walikuwa wakichagua mahali pa kuchimba visima vipya. Basi swali letu likawa hilo hilo: wapi pasichimbwe, na wapi kisima kiendelee iwapo kitawekewa kichujio cha mkaa wa mifupa, unaonasa floridi. Tulipeleka kurasa mbili na ramani moja. Visima viwili vilihamishwa. Najivunia visima hivyo viwili kuliko makala yoyote niliyochapisha.

Kwa hiyo, kijana wangu, na nyinyi wakuu wa taasisi: andikeni wajibu wenu mapema. Nani atapima kila msimu, nani atalipia vifaa ufadhili ukiisha, takwimu zitakaa wapi, nani anaruhusiwa kuziona. Wenzetu wa Kisumu mnaopambana na gugumaji katika Ghuba ya Winam, kwenu mzigo ni mkubwa zaidi, maana Ziwa Victoria ni la Kenya, Uganda na Tanzania, na hakuna kaunti inayoweza kuliamulia peke yake. Kaeni mezani tangu siku ya kwanza. Msingoje kualikwa. Anayengoja mwaliko hukuta uamuzi umeshapigwa muhuri.

Na mrudishieni mwananchi majibu yake. Nilichelewa sana kulifanya hili. Nilirudi kwa yule mama na karatasi moja tu, nimeandika kwa mkono kipimo cha kisima chao, na chini yake: maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yawe ya kufulia. Aliisoma mara mbili, akamwita bintiye, wakaibandika juu ya bomba la tangi.